Filbert Bayi na Stempu ya Shilingi Moja

Kila kabila na kila taifa lina watu ambao majina yao hayasahauliki upesi. Hapa kwetu Usukumani wazee hutaja watemi wa zamani, wawindaji hodari, na mafundi wa ngoma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilianza kwa watu wawili walioshindana, Ngika na Gumha, na hata leo majina yao yako midomoni mwa watu, ijapokuwa wenyewe walikwisha kuzikwa zamani sana. Lakini neno la mdomo hubadilika likipita kutoka kwa mtu hata kwa mtu. Huyu huongeza, yule hupunguza, na mwisho mjukuu hajui ni lipi lililokuwa kweli. Kwa sababu hiyo watu wenye busara hawatunzi maneno peke yake, bali hutunza na vitu.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni habari za mkimbiaji mmoja wa Tanzania, Filbert Bayi, aliyewashinda walimwengu wote katika mbio za meta 1,500. La pili ni kazi ya kukusanya na kutunza vitu vya ukumbusho wa watu kama yeye. Mambo haya mawili yanakutana katika kikaratasi kimoja kidogo, kisichozidi ukubwa wa vidole viwili vya mtoto, nacho ni stempu ya posta ya shilingi moja.

Kijana wa Karatu

Filbert Bayi alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1953 huko Karatu, katika nchi ya vilima iliyo karibu na Ngorongoro. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi, akajifunza kazi ya ufundi wa ndege. Hakuwa mtu wa kukimbia tu, alikuwa na kazi yake, na mazoezi ya mbio aliyafanya pamoja na kazi hiyo.

Mwaka wa 1972, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa Munich katika Ujerumani kushindana katika Michezo ya Olimpiki. Huko alikimbia mbio za namna mbili, na katika zote mbili alitolewa mapema, asifike kwenye shindano la mwisho. Angeweza kurudi nyumbani na kusema, "Wazungu hawashindiki." Hakusema hivyo. Miezi michache baadaye, mwezi wa Januari 1973, mataifa ya Afrika yalikutana mjini Lagos katika Nijeria. Katika mbio za meta 1,500 alikuwapo Kipchoge Keino wa Kenya, aliyepata nishani ya dhahabu ya mbio hizo hizo kwenye Olimpiki ya Meksiko mwaka wa 1968. Bayi alimshinda Keino. Ndipo watu walipoanza kuuliza, "Kijana huyu ni nani?"

Mbio za Christchurch

Ili tufahamu alilolitenda Bayi, lazima kwanza tufahamu jinsi mbio za meta 1,500 zilivyo. Uwanja wa mbio huwa na mzunguko wa meta 400. Basi meta 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Si mbio fupi ambazo mtu huzimaliza kwa pumzi moja, wala si mbio ndefu ambazo mtu huweza kuzikimbia polepole. Zinataka kasi na uvumilivu kwa pamoja.

Wakimbiaji wengi wa siku zile walikuwa na desturi moja. Walikimbia pamoja kama kundi la ndege, hakuna aliyependa kutangulia, nao waliziweka nguvu zao kwa mzunguko wa mwisho. Desturi hiyo ina sababu yake. Mtu anayetangulia huupasua upepo kwa kifua chake, na wanaomfuata hujificha nyuma yake. Wavuvi wetu wa ziwani wanajua jambo hili vizuri: apigaye kasia akielekea upepo huchoka upesi kuliko yule aliye katika kinga ya kisiwa. Tena anayetangulia hawaoni wenzake, lakini wao wanamwona. Kwa hiyo watu walisema kwamba mtu mwenye akili hukaa nyuma, akangoja.

Bayi aliichukua desturi hiyo akaipindua. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch katika Nyuzilandi, yalifanyika mashindano ya mwisho ya meta 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bunduki ilipolia, Bayi aliondoka kwa kasi kubwa, akawaacha wenzake. Alipomaliza meta 800 alikuwa mbele kwa meta nyingi, na waliokuwa wakitazama walidhani atachoka na kuanguka. Nyuma yake walikuwapo watu wenye sifa kubwa: John Walker na Rod Dixon, wenyeji wa Nyuzilandi, na Ben Jipcho wa Kenya. Katika mzunguko wa mwisho walianza kumkaribia. Walker alikuja kwa nguvu, na umati wa watu wa nchi yake ulimpigia kelele. Lakini Bayi alikuwa bado ana akiba. Aliongeza kasi tena, akakata utepe wa kwanza.

Saa zilionyesha dakika 3 sekunde 32.16. Walker alikuwa wa pili kwa dakika 3 sekunde 32.52, naye Jipcho akawa wa tatu. Rekodi ya ulimwengu ya siku zile ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, dakika 3 sekunde 33.1, iliyowekwa mwaka wa 1967. Basi Bayi aliivunja, na hata Walker aliyeshindwa alikimbia upesi kuliko rekodi hiyo ya zamani.

Tupige hesabu kidogo. Tofauti ya Bayi na Walker ilikuwa sehemu 36 za sekunde iliyogawanywa katika mia. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo ni kama meta mbili na nusu tu. Tena, ukiigawanya saa yote kwa mizunguko mitatu na robo tatu, utaona kwamba, kwa wastani, Bayi alikimbia mzunguko wa meta 400 kwa muda usiofika sekunde 57. Mwanafunzi anayejiona hodari na ajaribu kukimbia mzunguko mmoja kwa muda huo. Kisha afikiri habari ya kuongeza miwili mingine na robo tatu bila kupumzika.

Rekodi hiyo ya ulimwengu ilidumu miaka mitano, hata mwezi wa Agosti 1979 ilipovunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza. Na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola yenyewe, hakuna aliyekimbia meta 1,500 upesi kuliko Bayi mpaka mwaka wa 2022, yaani miaka 48 ilipita.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston katika Jamaika, Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 sekunde 51.0. Hapo pia aliivunja rekodi ya Ryun, iliyokuwa dakika 3 sekunde 51.1. Lakini furaha ile haikudumu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Walker alikimbia maili moja kwa dakika 3 sekunde 49.4, akawa mtu wa kwanza kupita chini ya dakika 3 na sekunde 50. Basi ulimwengu wote ulingoja mwaka wa 1976, ambapo watu hawa wawili wangekutana katika Olimpiki ya Montreal, Kanada.

Mbio zisizokimbiwa

Wakati ule Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na posta moja, chini ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Stempu zake zilikuwa na majina ya nchi zote tatu. Mwaka wa 1976 posta hiyo ilitoa stempu nne za kuadhimisha Olimpiki ya Montreal. Ya senti 50 ilikuwa na picha ya John Akii-Bua wa Uganda, aliyepata dhahabu mwaka wa 1972 katika mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Ya shilingi 1 ilikuwa na picha ya Filbert Bayi. Ya shilingi 2 ilikuwa na picha ya Steve Muchoki, mpiganaji wa ngumi wa Kenya. Ya shilingi 3 ilionyesha mwenge wa Olimpiki na bendera za nchi hizi.

Sasa sikilizeni kwa makini. Ukiitazama stempu ile bila kujua habari zake, utasema, "Bayi alikimbia Montreal." Sivyo. Bayi hakukimbia Montreal, wala Akii-Bua hakukimbia, wala Muchoki hakupigana.

Sababu ni hii. Katika Afrika ya Kusini ya siku zile serikali iliwatenga watu kwa rangi zao. Tarehe 16 Juni 1976, huko Soweto, watoto wa shule, wengine wenye umri kama wenu, walitoka kuandamana, kwa kuwa walilazimishwa kusoma masomo yao kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwishoni mwa mwezi ule ule timu ya raga ya Nyuzilandi ilianza ziara yake ya michezo katika nchi hiyo ya Afrika ya Kusini. Nchi za Afrika zikasema kwamba, ikiwa Nyuzilandi itaruhusiwa kushindana Montreal, zenyewe hazitashindana. Wakuu wa Olimpiki walijibu kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, nao wakaikubali Nyuzilandi. Basi nchi zaidi ya 20, nyingi zao za Afrika, hazikushindana. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwao.

Walker alishinda dhahabu ya meta 1,500 kule Montreal, kwa dakika 3 sekunde 39.17. Muda huo ulikuwa mrefu kuliko muda wa Bayi wa Christchurch kwa sekunde saba. Lakini mbio za kungoja hazilingani na mbio za kukimbilia saa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Bayi angalishinda. Tunaweza kusema tu kwamba mbio hizo hazikukimbiwa, na kwamba kijana mwenye umri wa miaka 23, aliyekuwa katika nguvu zake zote, alikosa nafasi yake kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko mbio. Watu wamebishana tangu siku zile kama ilikuwa haki kumtoza mkimbiaji gharama hiyo. Kila mmoja wenu na alifikirie jambo hili mwenyewe, akiwakumbuka pia watoto wa Soweto, ambao gharama yao ilikuwa uhai.

Tena iko habari ya pili katika stempu hiyo. Mwaka wa 1977, mwaka mmoja tu baada ya kutolewa kwake, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikawa na posta yake. Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka wa 1999. Basi kikaratasi kile cha shilingi moja kimebeba mambo mawili: mbio zisizokimbiwa, na umoja uliokuwa ukingoni mwa kuvunjika. Ndiyo maana ya kitu cha ukumbusho. Chenyewe hakisemi, lakini ukijua kukiuliza, hujibu.

Nishani ya Moscow

Mwaka wa 1978 Bayi alipata dhahabu ya meta 1,500 mjini Algiers katika mashindano ya Afrika, na nishani ya fedha mjini Edmonton katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kisha mwaka wa 1980 alikwenda Moscow katika Olimpiki. Safari hii hakukimbia meta 1,500, bali meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizo mkimbiaji huruka viunzi mara 28, na mara 7 huruka kiunzi chenye dimbwi la maji mbele yake. Bayi alifanya kama desturi yake: alitangulia, akawaacha wenzake mbali. Lakini katika mzunguko wa mwisho Bronislaw Malinowski wa Polandi alimfikia, akampita. Bayi akapata nishani ya fedha kwa dakika 8 sekunde 12.48.

Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, pwani ya ziwa letu upande wa Musoma, alipata nishani ya fedha katika mbio za meta 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu siku ile hata Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 2024, Tanzania haijapata nishani nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Bayi alipoacha mbio hakuacha kazi. Alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, tena alianzisha shule zinazoitwa kwa jina lake.

Thamani ya kitu ni nini?

Katika nchi nyingi watu hukusanya vitu vya wachezaji: picha, viatu, fulana, namba za kifuani, tikiti za kuingilia uwanjani, magazeti na stempu. Katika Marekani wako wanaokusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kadi moja ya mchezaji Honus Wagner ilitiwa katika pakiti za tumbako kati ya mwaka wa 1909 na 1911, lakini uchapaji wake ulikatishwa mapema, hata zikabaki chache sana. Mwaka wa 2022 kadi moja ya namna hiyo iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Mwaka huo huo kadi ya mchezaji mwingine, Mickey Mantle, ya mwaka wa 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Mtauliza, kwa nini karatasi iuzwe kwa mali nyingi hivyo? Bei hutokana na mambo matatu. La kwanza ni uchache: kitu kilicho kingi hakiwi ghali. La pili ni hali yake: karatasi isiyochanika, isiyokunjwa, isiyofifia, hupendwa kuliko iliyoharibika. La tatu ni asili yake: je, inajulikana ilitoka wapi, na ilipitia mikono ya nani?

Stempu ya Bayi ilichapwa kwa wingi, kwa kuwa ilikuwa ya kupelekea barua. Kwa hiyo haina bei kubwa, na asiwadanganye mtu kwamba mtatajirika kwa kuwa nayo. Lakini bei na thamani si kitu kimoja. Bei huulizwa sokoni. Thamani huulizwa kwa yule anayetaka kujua. Daftari la babu yako lenye hesabu za pamba aliyouza halina bei Marekani, lakini kwa historia ya nyumba yenu hakuna kitabu kinachoweza kushika mahali pake.

Mahali penye bei kubwa, hapo wadanganyifu hawakosi. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa serikali ya Marekani walivumbua kundi la watu waliokuwa wakiandika sahihi za uongo za wachezaji juu ya mipira na picha, kisha wakaziuza. Waliandika hata sahihi ya Babe Ruth, mchezaji aliyekufa mwaka wa 1948. Wanunuzi waliamini kwa sababu walitaka kuamini. Basi mtu akikuletea kitu akasema, "Hiki kilikuwa cha mtu mashuhuri," usikatae upesi wala usikubali upesi. Muulize: Umekipata kwa nani? Lini? Nani mwingine alikiona? Asiye na majibu, kitu chake ni kitu tu.

Jinsi ya kutunza

Mkitaka kuanza mkusanyo wenu, hamhitaji fedha nyingi. Mnahitaji sanduku, penseli, daftari na subira.

Stempu iliyobandikwa kwenye bahasha usiing'oe kwa kucha, maana itachanika. Tazama kwanza muhuri wa posta. Ikiwa unasomeka vizuri, na bahasha ni ya zamani, iache bahasha nzima kama ilivyo. Muhuri wa Mwanza wenye tarehe hushuhudia kwamba siku ile, katika mji huu, mtu alimpelekea mwenzake barua. Ukiubandua, umeharibu ushahidi. Ikiwa bahasha haina maana, kata karatasi kuizunguka stempu, iweke katika maji safi ya baridi, ungoje hata gundi ilegee na stempu itengane yenyewe. Kisha ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi, kivulini, wala si juani, kwa maana jua hula rangi. Ikikauka, iweke ndani ya kitabu kizito ili inyooke.

Usibandike stempu wala picha kwa uji wa muhogo. Uji huo ni chakula cha mende, nao watakula uji na picha pamoja. Karatasi ya gazeti ina adui zake pia. Hutengenezwa kwa miti iliyosagwa, na ikipata mwanga hugeuka kuwa ya manjano na kuvunjika kama jani kavu. Kwa hiyo iweke gizani, bila kukunjwa ikiwezekana.

Hapa karibu na ziwa tuna maadui wawili wakubwa, nao ni unyevu na mchwa. Wakati wa masika hewa hujaa maji, na karatasi zilizoshikana huota ukungu. Sanduku la bati lenye kifuniko kizuri ni bora kuliko kasha la karatasi. Liweke juu ya meza au juu ya mawe, lisiguse sakafu wala ukuta, ili mchwa wasipate njia. Siku kavu lifungue, uvipatie vitu hewa.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ni kuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu na kipewe namba, na katika daftari uandike: ni kitu gani, nani alikupa, lini, na alisema nini juu yake. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino huchuruzika ukipata maji. Picha isiyo na jina nyuma yake, baada ya miaka hamsini, huwa picha ya mtu asiyejulikana, hata kama alikuwa bibi yako mwenyewe.

Kazi iliyo mbele yenu

Ukitoka hapa Nyakato kwa barabara ya Musoma utafika Kisesa, na karibu na hapo Bujora. Huko Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma waliomsaidia, alikusanya viti vya enzi vya watemi, ngoma kubwa na vyombo vya nyumbani, vikawekwa mahali pa kutazamwa na wote. Leo mwanafunzi huweza kusimama mbele ya ngoma ya utemi akajifunza jambo ambalo kwa maneno matupu angelisahau. Vitu hivyo vingeachwa bila mtunzaji, vingi vingekuwa kuni au chakula cha mchwa.

Michezo yetu bado haijatunzwa hivyo. Wako wazee katika mitaa yetu waliokuwa vijana mwaka wa 1974, wenye magazeti ya siku zile chini ya vitanda vyao, na wengine wenye tikiti za mechi za zamani za mpira. Wako waliopata vikombe katika mashindano ya shule, nao hawakuulizwa neno lolote na mtu yeyote. Kila mwaka wachache kati yao hutuaga, na watoto wao, wakisafisha nyumba, huyachoma magazeti yale pamoja na takataka. Mzee akifa bila kuulizwa, hakuna wa kuulizwa tena.

Basi nendeni kwao kwa adabu. Amkieni, "Shikamoo, babu, shikamoo, bibi," mkae chini, msikilize kabla ya kuomba. Msiombe kuchukua kitu; ombeni kwanza kukiona, na kuandika habari zake. Mzee akiwapa, pokeeni kwa mikono miwili, na jina lake liwe la kwanza katika daftari lenu. Asipowapa, mwambieni jinsi ya kukikinga na mchwa, mkamshukuru kwa habari zake.

Filbert Bayi alikimbia dakika tatu na nusu tu mjini Christchurch, tukio lililo fupi kuliko muda wa kuchota ndoo moja ya maji. Linakumbukwa kwa sababu palikuwapo watu wenye saa, na watu wenye kalamu, na watu waliotunza walichoandikiwa.

Maswali

1. Desturi ya wakimbiaji wengi wa meta 1,500 ilikuwa nini, na Bayi aliibadilisha namna gani?
2. Kwa nini stempu ya mwaka wa 1976 inaweza kumdanganya mtu asiyejua historia?
3. Eleza tofauti ya bei na thamani, ukitoa mfano kutoka nyumbani kwenu.
4. Ni mambo gani matatu yanayofanya kitu cha ukumbusho kiwe ghali?
5. Je, nchi za Afrika zilifanya vema kutoshindana Montreal? Andika sababu za kukubali na sababu za kukataa, kisha utoe shauri lako.
6. Mtafute mzee mmoja mwenye kitu cha zamani cha michezo au cha kazi yake. Andika namba, jina la kitu, alikipata kwa nani, lini, na maneno aliyoyasema juu yake.